Usiku Ritifaa Ilipomeza Majina

Orodha ya wanafunzi wapya niliipokea Ijumaa jioni, Oktoba 1999, ikiwa ndani ya disketi iliyoandikwa kwa kalamu "Mwaka wa Kwanza". Majina 412. Jumatatu asubuhi kila mmoja wao alitakiwa aikute anwani yake ya barua pepe iko tayari. Chuo sitakitaja, kilikuwa Dar es Salaam, na chumba chetu cha seva kilikuwa stoo ya zamani ya chaki na vifutio, chenye kiyoyozi kimoja na dirisha la mbao lililopigiliwa misumari.

Nilikuwa nimemaliza kuandika skripti yangu ya kwanza ya maana. Ilisoma orodha mstari kwa mstari, na kwa kila mstari ikatunga amri ya kumfungulia mtu akaunti. Amri zote 412 nilizimimina kwenye seva kwa mkupuo mmoja. Nilibonyeza Enter saa nne usiku, nikatoka kununua mihogo ya kukaanga nje ya geti. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha na skrini imejaa malalamiko. Nikahesabu akaunti: 348. Watu 64 hawakuwepo.

Nilipowatafuta niliwakuta wamekaa pamoja, kama kurasa zilizonyofolewa katikati ya daftari. Orodha ilipangwa kialfabeti kwa jina la mwisho. Wa kwanza kupotea aliitwa Ng'wigulu Masanja, wa mwisho Ng'washi Shija. (Majina nimeyabadilisha, herufi zilizoleta balaa ni zile zile.) Kati yao walikuwamo kina Mbwana, Mushi, Ngonyani, Omari, Rashidi, wote wamemezwa.

Saa nane usiku ndipo nilipoelewa. Skripti yangu ilifunga kila jina kamili kati ya vialama viwili, kimoja mwanzo na kimoja mwisho, ili seva ijue kwamba maneno yale mawili ni kitu kimoja. Kialama chenyewe, yaani ritifaa, ndicho hicho hicho kinachokaa kwenye ng' ya Kisukuma na ya Kiswahili. Seva ilipoiona ritifaa ya Ng'wigulu ikadhani jina limekwisha. Ilipokuta alama ya kufunga, ikadhani jina lingine limefunguliwa. Kuanzia hapo kilichotakiwa kuwa ndani kikawa nje, cha nje kikawa ndani, na mwisho wa mstari haukutambulika tena kuwa mwisho, mpaka ritifaa ya Ng'washi ilipokuja kusawazisha hesabu. Watu 64 wakageuka kuwa amri moja ndefu isiyoeleweka, na seva ikaikataa.

Kazi ya kufungulia watu akaunti niliifanya mpaka nilipostaafu mwaka 2022. Nikiulizwa historia yake huanzia usiku ule, maana kwangu hiyo ni historia ya majina: mashine inampa mtu jina gani, na kanuni ya kumpa jina hilo ilitungwa na nani, kwa watu wa namna gani.

Mimi nilianzia masjala. Mwaka 1993 nilikuwa karani, na ufunguo wa sanduku la posta la chuo nilikuwa nao mimi. Kila asubuhi nilikwenda posta na mkoba wa turubai, nikafungua kile kisanduku cha chuma, nikarudi na barua za mkuu wa chuo, za walimu, za wapishi na za wanafunzi, zote zimepitia S.L.P. moja. Msomaji wa nchi yetu hahitaji kuelezwa: wakati ule kwetu postamani hakugonga hodi mlangoni. Mtu alikuwa na jina lake, lakini anwani ilikuwa ya taasisi, na kati ya jina na anwani palikuwa na karani anayemjua kila mtu kwa sura.

Barua pepe ilipofika ilifuata njia hiyo hiyo. Mtandao wa FidoNet, ulioanzishwa na Tom Jennings kule San Francisco mwaka 1984, uliwafaa watu wenye simu mbovu na pesa kidogo: kompyuta moja iliipigia nyingine simu usiku, gharama zikiwa zimeshuka, zikakabidhiana furushi la barua, zikakata. Nairobi, kituo cha Environment Liaison Centre International kilikuwa kiungo cha njia hiyo, na mafurushi yalipelekwa mpaka GreenNet ya London. Makerere walikuwa na kituo chao. Muhimbili, madaktari walipata barua zao kupitia HealthNet. Sisi chuoni tulikuwa na anwani moja tu kwa watu wote. Mtumaji aliandika jina la mlengwa kwenye mstari wa kichwa cha habari, nasi tulichapa barua kwenye karatasi, nikazichanganya na za S.L.P. na kuzisambaza. Nilizisoma zote, sikuwa na namna. Nilijua nani amekosa viza na nani ameachwa na mchumba aliyekwenda kusoma Bulgaria. Nilikaa na siri hizo, na ndizo zilizonifanya nitamani siku ambayo kila mtu angekuwa na sanduku lake na ufunguo wake.

Siku hiyo ilifika mwaka 1998, tulipopata seva ya Linux. Nami nilikuwa nimehamishwa kutoka masjala kwenda chumba cha kompyuta, kwa kuwa nilijua kupiga chapa kwa vidole kumi na sikuogopa mashine.

Kwa mkono, kumfungulia mtu mmoja kulichukua dakika mbili. Unaandika adduser, kisha programu inakuhoji. Jina la kuingilia? Jina kamili? Namba ya chumba? Simu ya kazini? Simu ya nyumbani? Wanafunzi wetu walilala wanne chumba kimoja, wengine wamebebana kitanda, na wengi simu ya nyumbani hawakuwahi kuwa nayo. Nilibonyeza Enter kupita maswali hayo, mtu baada ya mtu. Kwa watu 412 ni saa 13 na nusu na ushee, bila kula wala kukosea.

Maswali hayo yalinisumbua rohoni, nikataka kujua yametoka wapi. Ndani ya seva kila mtu ni mstari mmoja katika faili linaloitwa passwd, wenye sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta mbili: jina la kuingilia, paswedi, namba yake, namba ya kundi lake, maelezo, folda yake ya nyumbani, na programu itakayopokea amri zake. Sehemu ya tano, ya maelezo, inaitwa GECOS. Hilo ni jina la mfumo wa kompyuta za General Electric. Watu wa Bell Labs waliounda Unix, mfumo ulioigwa na Linux yetu, kuanzia mwaka 1969 walikuwa wakituma kazi za kuchapa kwenye mashine ya mfumo huo, na mashine ile ilitaka kitambulisho; wakakiweka pale. Mashine ikafa, nafasi ikabaki, ikajazwa jina kamili, namba ya ofisi na simu. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Maswa, mwaka 1999, alikuwa akiulizwa simu ya ofisini kwa sababu ya mashine ya kuchapia iliyokuwa New Jersey miaka 30 kabla yake.

Na majina ya kuingilia? Dennis Ritchie alikuwa dmr. Brian Kernighan, bwk. Ken Thompson alikuwa ken, basi. Lilikuwa kundi dogo lililokaa korido moja. Herufi tatu ziliwatosha. Sioni kosa lao. Walijipa majina wenyewe, kwa desturi yao ya jina la kwanza, la kati na la ukoo, na hawakufikiria kwamba siku moja desturi hiyo ingevishwa watu wasiokuwa na jina la ukoo kabisa.

Wingi wa watu ndio uliozaa skripti. Makundi yalipokuwa ya watu 20 mkono ulitosha. Mwaka 1983 chuo cha MIT kilianzisha Project Athena ili kuwapa wanafunzi wake maelfu kompyuta zilizounganishwa, na hapo mkono ukashindwa. Wakatengeneza mfumo ulioitwa Moira: taarifa za kila mtu zikae mahali pamoja, na kutoka hapo zisambazwe kwenye seva zote, ya barua, ya mafaili, ya paswedi. Kilichonigusa mimi ni jambo dogo katika mfumo ule. Mwanafunzi mpya alikaa mbele ya kompyuta, akaingia kwa jina la "register", akajaza jina lake na namba yake ya chuo, akathibitishwa kuwa yumo kwenye orodha ya ofisi ya usajili, kisha akajichagulia mwenyewe jina la kuingilia. Akaunti ikajifungua. Hakuna karani aliyemkatia jina.

Sisi hatukuwa na kompyuta za kutosha kumkalisha kila mwanafunzi hata kwa dakika tano. Tulikuwa na zana za kawaida: lugha ya amri iliyoandikwa na Stephen Bourne, iliyotoka na Unix ya mwaka 1979, awk ya mwaka 1977, iliyochukua jina lake kutoka herufi za mwanzo za Aho, Weinberger na Kernighan, na Perl, aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987. Nilijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kusoma skripti za wengine. Skripti ya akaunti kwa kweli ni kumbukumbu ya mkono: unaketi, unafungua akaunti moja taratibu, unaandika kila ulichogusa kwa mpangilio wake. Ongeza mstari kwenye passwd. Tengeneza folda ya nyumbani. Nakili humo vitu vya kuanzia kutoka folda ya skel, ambayo ni kiunzi, kama mifupa inayosubiri nyama. Mkabidhi mwenyewe umiliki. Fungua sanduku la barua. Mwandike kwenye orodha ya darasa lake. Hatua moja ukiisahau kwa mkono, unamkosea mtu mmoja; ukiisahau kwenye skripti, unawakosea watu 412 kwa mpigo.

Usiku ule wa ritifaa niliuponya kwa kuacha kutunga amri kama sentensi na badala yake kukabidhi jina kama lilivyo, bila kulifungua. Lakini jina lenyewe la kuingilia ndilo lililonitesa kwa miaka.

Kanuni tuliyorithi ilisema: chukua herufi ya kwanza ya jina la kwanza, unganisha na jina la mwisho, kata kwenye herufi ya nane. Kwa John Mwakalinga inatoka jmwakali. Kwa Joyce Mwakalindile inatoka jmwakali. Watu wa Mbeya walikuja wengi mwaka ule, na kwa kanuni ile nusu yao walikuwa mtu mmoja.

Pwani ilikuwa vigumu zaidi. Asha Juma ni Asha, binti wa Juma. Juma si ukoo wake; ni baba yake. Mtoto wa kaka yake Ali ataitwa, tuseme, Hamisi Ali, na jina la Juma halitaonekana tena mpaka mtu akitaja jina la tatu. Kanuni ile ilidhani jina la mwisho linatenganisha koo na koo, wakati kwetu Juma, Hamisi, Saidi, Ali na Mohamedi wamejaa kila nyumba. Katika orodha ile nilikuwa na kina ajuma tisa: Asha, Amina, Ali, Abdallah, Athumani, Aziza na wengine. Skripti ikawapa namba. Wa kwanza alibaki ajuma, wa pili ajuma2, mpaka ajuma9. Nilidhani nimeshughulikia tatizo.

Mwaka 2000 msichana mmoja alikuja kwenye dirisha la chumba chetu cha kompyuta. "Samahani dada, naomba unisaidie kuangalia kama kuna barua yangu imepotea." Alikuwa ajuma4. Alikuwa akisubiri jibu la udhamini wa masomo ya nje. Nilitafuta kwenye rekodi za seva nikaikuta: imeingia wiki tano zilizopita, imekwenda kwa ajuma5, kijana ambaye hakuwahi kufungua sanduku lake hata mara moja. Mwandishi wa fomu alikosea tarakimu moja. Tarehe ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita kwa siku 11. Nilimchapia ile barua, akaisoma pale pale amesimama, akaikunja, akashukuru. Kunishukuru kule nimekaa nako mpaka leo. Angekuwa na jina lake, kosa la mwandishi lingerudisha barua kwa mtumaji. Namba tuliyompa ndiyo iliyofanya kosa lifike mlango wa jirani bila mtu kujua.

Ukombozi ulitoka mahali ambapo wengi hawapatazami. Hadi hapo, ili mtu apate barua ilibidi awe mtumiaji kamili wa seva, mwenye mstari kwenye passwd na jina la herufi nane. Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, alikuwa ametoa programu yake ya barua, qmail, na toleo 1.03 la Juni 1998 lilidumu miaka mingi. Juu yake watu wakajenga vpopmail, ambayo ilimfungulia mtu sanduku la barua bila kumfanya mkazi wa seva. Amri yake ni vadduser, ukifuatisha na anwani nzima. Herufi nane zikafa. Ningeweza kuandika asha.juma.mbwana, jina la mtoto, la baba na la babu, kama yanavyoandikwa kwenye cheti.

Tena Bernstein alikuja na Maildir: kila barua inakuwa faili lake, inaandikwa kwanza kwenye folda ya muda, ikikamilika ndipo inahamishiwa kwenye mpya. Mtindo wa zamani ulirundika barua zote za mtu kwenye faili moja refu, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, sanduku zima lingeweza kuharibika. Mtu aliyeendesha seva Dar es Salaam enzi za mgawo wa umeme ataelewa kwa nini ninamwombea mtu huyo heri.

Likizo ya mwaka 2001 niliandika skripti upya. Kanuni ilikuwa: majina mawili, yakigongana, matatu, yakigongana tena, mtu aitwe aulizwe. Skripti ilisimama na kuandika majina hayo kwenye faili la pembeni, nami nikabandika tangazo ubaoni. Mwaka wa kwanza walikuja watu saba. Mmoja alitaka jina la bibi yake aliyemlea. Nikaliweka.

Paswedi ilikuwa na mambo yake. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi walivyokusanya paswedi 3,289 na kukuta kwamba asilimia 86 ni dhaifu: herufi chache tu, au neno la kamusi. Za kwetu zilikuwa dhaifu zaidi kwa kuwa nilizidhoofisha mimi: skripti ya kwanza iliweka namba ya usajili ya mwanafunzi, na namba hizo zilibandikwa ukutani pamoja na matokeo. Wiki ya kwanza wanafunzi waliingia kwenye akaunti za wenzao wakawaandikia wasichana barua kwa majina ya wengine. Nikageukia silabi za Kiswahili. Konsonanti 16 mara irabu tano ni silabi 80. Silabi nne zinatoa paswedi zaidi ya milioni 40, na kila moja inatamkika: bakutemo, lisowagu. Mtu huikariri akitembea kutoka dirishani hadi kantini. Ila silabi za bahati nasibu zinaweza kutunga tusi. Binti mmoja alishika kikaratasi chake akashindwa kunisomea, akanisogezea huku ametazama pembeni. Nikamwomba radhi, na jioni hiyo nikaketi na mwenzangu kuandika orodha ya matusi yote tuliyoyajua, ili skripti iyaruke. Haikuwa kazi ya kupendeza, lakini ilikuwa ya lazima.

Kufunga akaunti nilikupuuza muda mrefu, na hilo ni kosa langu pia. Skripti ya kufungua ilikuwa na mistari 200 kabla ya ile ya kufunga kuwa na mmoja. Nikifuta mtu, namba yake ya ndani ilibaki wazi. Aliyefuata akapewa namba hiyo hiyo na kurithi mafaili yote yaliyosahaulika ya aliyeondoka. Nilipogundua, nikaamua namba isitumike mara mbili kamwe.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Machi 2007 Google ilitangaza kutoa barua pepe bure kwa Chuo Kikuu cha Nairobi na kwa vyuo vya Rwanda. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, na baada yake kuweka barua kwenye seva za ng'ambo hakukuwa tena ndoto ya usiku wa setilaiti. Sisi tulihamia Google mwaka 2012. Seva ya stoo ya chaki ilizimwa, nami nikajifunza GAM, programu ya Jay Lee iliyoandikwa kwa Python, inayosoma jedwali na kufungua akaunti huko mbali kwa amri moja. Ritifaa haikuisumbua sana. Safari hii ulikuwa mkato: majina yaliyoandikwa masjala kwa mtindo wa "Mbwana, Asha" yaliigawa safu moja kuwa mbili.

Wiki yangu ya mwisho kazini kijana aliyenipokea aliingia na kiti chake. "Shikamoo mama. Nimeandika yangu, mpya kabisa. Majina 3,100, dakika chache tu." Nikamwambia marahaba, nikampa faili nililolitunza tangu mwaka 1999, linaloitwa majaribio. Lina majina 40, hakuna hata moja la mtu halisi, ila kila moja liliwahi kutuangusha kwa sura yake: yenye ritifaa, yenye mkato, yenye kistari, Mohamedi kwa tahajia tano, Saidi Saidi Saidi, majina ya Kinyakyusa yanayofanana mpaka herufi ya nane.

Alilipitisha kwenye skripti yake. Majina 38 yalipita. La 39 lilikuwa la mtu mwenye jina moja tu, na skripti ilikuwa imemwandikia jina la ukoo "NULL". La 40 lilikuwa la Ng'wigulu: akaunti ilifunguka vizuri, lakini ritifaa yake ilikuwa imefutwa, anaitwa Ngwigulu.

"Hili la pili si kosa, mama," alisema. "Inafanya kazi."

Nikamwomba alitamke kwa sauti kama lilivyoandikwa, kisha alitamke kama anavyoitwa mwenyewe. Alinyamaza kidogo, akavuta kibodi.